Tezi na Omo: Chombo Kimoja, Macho Mengi

Wahenga wetu walisema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mwenye mali aonapo pakacha linavuja hulalamika, kwa sababu kwake pakacha ni kitu cha kuhifadhia. Mchukuzi aonapo jambo lilo hilo hupumua, kwa sababu kwake pakacha ni uzito uliomwelemea kichwani. Makuti ni yale yale na tundu ni lile lile, walakini pakacha alionalo mmoja silo alionalo mwenziwe. Aghalabu methali hii hutumiwa kueleza kwamba hasara ya mmoja ni faida ya mwingine. Sisi twapenda kuitumia hapa kwa swali jingine, la kale katika falsafa na jipya katika viwanda: je, kitu kilichoundwa kwa mikono ya wanadamu kina muundo mmoja tu ulio wa kweli, au kina miundo mingi kwa kadiri ya watu wanaokishughulikia? Na ikiwa miundo hiyo ni mingi, ni nani mwenye haki ya kuketi mahali pa kuamua kitu hicho kiweje?

Yamkini msomaji atasema kwamba swali hili ni la wahandisi, nalo halina nafasi katika mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa. Sisi twaona kinyume chake. Utamaduni si ngoma na mavazi peke yake. Utamaduni ni pia namna watu wanavyotengeneza vitu vyao, wanavyovigawa katika sehemu, wanavyozipa sehemu hizo majina, na wanavyoamua ni sauti ya nani isikilizwe kabla kitu hakijatengenezwa. Lugha yetu yenyewe yatuonyesha njia. Neno letu chombo ni jahazi baharini, ni sufuria jikoni, ni randa mkononi mwa seremala. Neno moja limeyakusanya yote yanayomtumikia mwanadamu, na kila moja kati ya hayo lina watu wanaolitazama kwa macho yao.

Tuanze na jahazi, maana ndicho chombo ambacho watu wa pwani yetu wamekijua kwa muda mrefu kupita vingi vingine. Muulize fundi wa jahazi chombo hiki kimefanywa kwa nini, naye atakuhesabia kwa utaratibu wa kazi yake. Atataja mkuku, ulio uti wa mgongo wa chombo. Atataja hanamu mbele na fashini nyuma. Atataja mbao za ubavuni, na mataruma yanayozishika, na misumari inayoziunga. Hesabu yake huanzia chini na kupanda juu, kwa sababu ndivyo chombo kinavyozaliwa.

Sasa mwendee nahodha umuulize swali lilo hilo. Huyu huanzia juu. Kwake jahazi ni mlingoti na foromali, ni tanga, ni henza ya kupandishia foromali na demani ya kulishika tanga lisiponyoke. Tena nahodha ana pande mbili ambazo hazimo kabisa katika hesabu ya fundi, nazo ni joshini na demanini, yaani upande utokako upepo na upande uendako. Chombo kilipokuwa juu ya magogo pwani hakikuwa na pande hizo. Zimezaliwa siku tanga lilipopandishwa, na kila chombo kinapogeuzwa nazo hubadilishana. Kitu ambacho ni cha lazima kwa nahodha kuliko mbao zenyewe, fundi hakukipigilia msumari hata mmoja.

Mwenye shehena naye hatazami mkuku wala tanga. Hutazama ngama: itachukua magunia mangapi, itachukua korija ngapi za boriti, na maji ya ngamani yatafika wapi yakilowesha mzigo. Mwisho yuko mtu ambaye watu humsahau, nao wamesahau kwa hasara yao. Huyu ni mtia kalafati. Jahazi linapopandishwa pwani wakati wa bamvu, yeye huja na pamba yake iliyotiwa mafuta, na patasi yake na nyundo, akapita mshono baada ya mshono. Kwake jahazi si mbao, bali ni nafasi zilizo baina ya mbao. Kitu ambacho fundi angependa kisiwepo, mtia kalafati hukihesabu kuwa ndicho chombo chenyewe.

Basi tuulize: ni yupi kati ya hawa wanne aliyesema uongo? Hakuna. Ni yupi aliyeusema ukweli wote? Hakuna pia. Kila mmoja amekigawa chombo pale mkono wake unapopita. Hapa twapata hatua ya kwanza ya jibu letu, nayo ni hii: sehemu za kitu si mambo tunayoyakuta yamejipanga yenyewe yakitungoja tuyahesabu. Kazi ndiyo inayokata. Ubao ni mmoja, lakini mpaka wa sehemu na sehemu huchorwa na haja ya mtu anayekishughulikia kitu.

Wako watakaotukumbusha hadithi ya vipofu waliompapasa tembo, mmoja akasema ni mti, mwingine akasema ni kamba, mwingine akasema ni ukuta. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini haitoshi kwa shauri letu. Tembo hakuumbwa na vipofu wale. Hata wangalikosea wote, yeye angaliendelea na safari yake akiwa tembo kamili. Jahazi si hivyo. Jahazi limekuwa jahazi kwa sababu mafundi, manahodha, wenye mali na watia kalafati waliliwaza kwa njia zao mbalimbali tangu zamani, na kila jicho liliacha alama yake juu ya umbo lake. Jicho moja likikosekana wakati wa kuunda, chombo hakiendelei na safari yake kama tembo yule. Chombo huzama, au hubaki pwani kikawa makao ya kaa. Ndiyo maana shauri la macho mengi katika vitu vya kuundwa si shauri la elimu pekee, bali ni shauri la wajibu.

Wazee wetu waliutimiza wajibu huo bila ya kuuandika. Tuutazame mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu, ambacho kilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Mtepe haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii ni vya kale sana: kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja mashua za kushonwa katika mji wa Rhapta. Mtepe ulikuwa na aibu yake, maana ulivuja na kutaka watu wa kukumba maji. Ulikuwa na fahari yake pia, maana mwili wake ulinepa badala ya kuvunjika ulipogusa mchanga au mwamba. Na ulikuwa na sifa ya tatu ambayo ndiyo itufaayo hapa. Kamba zilipochakaa zilifumuliwa, na mbao zikashonwa upya. Utaratibu wa kuunga ulikuwa ndio utaratibu wa kuungua viungo hivyo, na mikono iliyoshona iliishi kando ya mikono iliyofumua. Mara nyingi ilikuwa mikono ile ile.

Katika jamii ya namna hiyo hapakuwa na haja ya kuwaita watu wakutane ili wapatanishe macho yao. Fundi aliunda chombo pwani, na nahodha akapita kila jioni akitazama na kutoa maneno yake. Mwenye mali alikaa kivulini akilalamikia gharama. Mtia kalafati alimwambia fundi waziwazi kwamba mshono fulani hautafikika chombo kikiisha, na fundi akausogeza. Pwani yenyewe ilikuwa baraza.

Mambo yalibadilika viwanda vilipokuja, kwa sababu viwanda viliitenga mikono. Mtu mmoja huchora katika mji mmoja. Mwingine huyeyusha chuma katika mji wa pili. Wa tatu huunganisha katika nchi ya tatu. Na mwanakijiji hupokea kitu hicho akiwa hajapata kumwona hata mmoja kati yao. Baraza la pwani limevunjika. Badala yake pana karatasi, na karatasi hiyo ndiyo mchoro.

Wanafunzi wanaosoma uchoraji wa kiufundi wanajua kwamba kitu kimoja huchorwa mara tatu: kikitazamwa kwa mbele, kikitazamwa kwa juu, na kikitazamwa kwa ubavuni. Utaratibu huo uliwekewa misingi yake ya kihesabu na Mfaransa Gaspard Monge mwishoni mwa karne ya 18, na kwa miaka kadhaa ulihifadhiwa kama siri ya kijeshi, maana ulisaidia kubuni ngome. Inafaa tuizingatie hekima iliyomo katika michoro hiyo mitatu. Hakuna mchoro hata mmoja kati yake unaofanana na kitu kizima. Ule wa juu hauonyeshi kimo, ule wa mbele hauonyeshi kina. Lakini mistari ya mmoja hushuka na kukutana na mistari ya mwingine, na pale inapokutana kitu kizima huinuka akilini. Na kama mistari haikukutani, mwalimu hajui ni mchoro upi wenye kosa. Anajua tu kwamba kitu kama hicho hakiwezi kuwapo duniani.

Wahandisi wa leo wamekwenda mbele zaidi ya michoro ya Monge. Wamegundua kwamba tofauti kubwa ya macho si ya pembe ya kutazamia, bali ni ya kazi. Kwa hiyo mashine moja huwa na orodha zaidi ya moja ya sehemu zake. Iko orodha ya mashine kama ilivyobuniwa, ambayo huipanga kwa kazi ya kila kiungo: hiki ni cha kusukuma, hiki ni cha kupoza, hiki ni cha kusimamisha. Iko orodha ya mashine kama inavyoundwa, ambayo huipanga kwa jinsi sehemu zinavyofika mezani kwa fundi. Humo mna rangi, gundi na grisi, vitu ambavyo mara nyingi mbunifu havitaji katika orodha yake, lakini kiwanda hakiwezi kutoa mashine bila ya kuvinunua. Iko pia orodha ya mashine kama inavyotunzwa, ambayo haijali kiungo kilitengenezwa wapi, bali huuliza kipi huchakaa kwanza, kipi hufunguliwa kabla ya kipi, na kipi huuzwa peke yake dukani. Viungo viwili ambavyo mbunifu huviona mbalimbali, fundi wa matengenezo huviona kimoja, kwa kuwa hung'olewa na kutupwa pamoja. Na kile ambacho mbunifu hukiona kimoja, muundaji hukiona viwili, kwa kuwa vimetoka katika karakana mbili.

Basi hatari ya kwanza ni macho hayo yakose mahali pa kukutania. Mfano mkubwa ulionekana katika ndege kubwa ya abiria iitwayo A380, iliyoundwa na kampuni ya Airbus ya Ulaya. Ndani ya kila ndege hiyo mlikuwa na nyaya za umeme zenye urefu wa kilomita zipatazo 500. Wahandisi wa Hamburg katika Ujerumani na wale wa Toulouse katika Ufaransa walikuwa wakichora kwa matoleo mawili tofauti ya programu moja ya kompyuta, na mambo ya mchoro mmoja hayakuhamia sawasawa katika mwingine. Mwaka 2006 vifungu vya nyaya vilipofikishwa kwenye mwili wa ndege vikaonekana havitoshei, vingine vikiwa vifupi. Utoaji wa ndege hizo ukacheleweshwa kwa karibu miaka miwili, na hasara ikawa kubwa mno. Hapakuwa na mjinga kati ya wahandisi wale. Kila upande ulikuwa na macho makali. Kilichokosekana ni mwili mmoja ambao macho hayo yangeurudia.

Hatari hiyo ya kwanza ni kubwa, lakini huonekana upesi, kwa sababu wenye kuumia wana fedha na sauti. Hatari ya pili ni ya kimya. Nayo ni jicho fulani lisiwe na nafasi tangu mwanzo. Wahenga walikwisha kuitaja: asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ulikuwa mpango wa heshima, na vijiji vingi viliyaona maji safi kwa mara ya kwanza kwa ajili yake. Lengo lile halikufikiwa kwa wakati wake. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo za fedha na za uchumi wa dunia; lakini mojawapo ni mitambo iliyosimama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Jambo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Katika nchi nyingi za Afrika na Asia pampu zilifungwa kwa sherehe, na baada ya muda mfupi zikageuka kuwa nguzo za kufungia mbuzi.

Yafaa tuitazame pampu ya mkono kwa utulivu, maana ndani yake swali letu lote limo. Kwa macho ya mbunifu, pampu ni mpini unaovuta fito za chuma. Fito zinaivuta pistoni iliyo chini kisimani. Pistoni inayainua maji ndani ya bomba, na vali mbili zinayazuia yasirudi. Muundo huo ni rahisi na ni wa kweli. Lakini umejengwa juu ya swali moja tu: maji yanapandaje?

Liko swali la pili, nalo si la mbunifu: pampu ikifa, inafufukaje? Kitu kinachochakaa upesi katika pampu ni kidogo kabisa, nacho ni mpira au ngozi inayoizunguka pistoni. Bei yake ni ndogo. Walakini katika pampu nyingi za zamani kitu hicho kidogo kilikaa chini ya vyote. Hata pampu mashuhuri iliyobuniwa nchini India katika miaka ya 1970, India Mark II, ambayo ilisifiwa kwa haki kwa uimara wake, ilikuwa na tabia hiyo. Ili kuifikia pistoni ilibidi mabomba mazito ya chuma yang'olewe moja baada ya moja, kazi iliyotaka vifaa vya kunyanyulia na mafundi waliofunzwa, na mafundi hao walitaka gari, na gari lilitaka mafuta na barabara. Basi mwanamke aliyesimama kisimani na ndoo yake alikuwa akisubiri barabara itengenezwe ili kipande cha mpira kibadilishwe. Katika mchoro wa mbunifu, umbali baina ya mpini na pistoni ulikuwa mita kadhaa. Katika mchoro wa mwanamke yule, lau angaliombwa auchore, umbali huo ulikuwa safari ya miezi.

Miaka ya 1980 ilipoanza, Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza muongo wa maji, 1981 hadi 1990, na watu wakaanza kuuliza swali la pili kwa bidii. Kutokana na majaribio yaliyofanywa Malawi, na kisha Kwale katika pwani ya kusini ya Kenya, ikapatikana pampu iliyopewa jina la Afridev. Huko Kwale wanawake wa vijijini walifundishwa kuzitunza pampu zao wenyewe. Tazama lililobadilika. Maji yalipanda kwa kanuni ile ile: mpini, fito, pistoni, vali. Lakini bomba la kupandishia maji lilifanywa pana kuliko pistoni, hata pistoni na vali ya chini zikaweza kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba, na bomba lenyewe lisiguswe. Fito ziliungwa kwa kulabu zinazofunguka kwa mkono. Beringi zilifanywa za plastiki, nyepesi kubadilishwa. Nati zikafanywa za kipimo kimoja, spana moja ikatosha. Kile kilichokuwa chini ya vyote kikawa cha kwanza kutoka.

Hapo ndipo twaona maana ya kusema kwamba muundo ni jambo la haki. Hakuna aliyeiongezea pampu ile kanuni mpya ya maumbile. Kilichoongezwa ni mtu. Mtengenezaji aliketi, japo kwa kuwakilishwa, kwenye meza ya mchoro. Na mara alipoketi, sehemu zile zile zikajipanga upya kumfuata. Tumezoea kufikiri kwamba muundo wa kitu ni habari ya kipi kimeungana na kipi. Pampu ya Kwale yatufundisha kwamba muundo ni habari pia ya kipi kinaachana na kipi, na kwa mkono wa nani.

Haifai tuishie katika sifa tupu, maana insha inayosifu tu haimfai mwanafunzi. Macho mengi hugombana. Kiwanda hupenda viungo vichache vilivyosubiwa pamoja, kwa kuwa hupunguza gharama. Mtunzaji hupenda viungo vinavyoachana. Hata Afridev ina gharama yake: bomba lake la plastiki kwa kawaida huungwa kwa gundi, na siku lenyewe linapopasuka kulifungua si kazi nyepesi. Jicho moja lilipopewa nafasi, jingine lilibanwa. Tena pampu inaweza kufunguliwa kwa spana moja, na bado isifae kitu ikiwa duka la karibu haliuzi mpira wake. Kumbe mwenye duka naye ni jicho. Anayedhani kwamba ataunda chombo cha kumpendeza kila mtu katika kila jambo hajapata kuunda chombo.

Sasa, macho yakigombana, tuamue vipi? Wengine watasema tuhesabu kura. Sisi hatuoni kwamba hiyo ndiyo njia. Maji hayapigiwi kura. Uzito wa mlingoti haubadiliki kwa kuwa mabaharia wengi wangependa uwe mwepesi. Mambo ya maumbile yana mwenyewe wa kuyasemea, naye ni yule aliyeyasoma, na kumheshimu ni sehemu ya macho mengi, si kinyume chake. Wengine watasema basi tumwachie mtaalamu peke yake. Nayo si njia, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtaalamu halali katika kila kitanda anachokichonga. Sisi twapendekeza kipimo hiki: mtaalamu aseme lipi linawezekana, na katika yale yote yanayowezekana, aanze kusikilizwa yule atakayebaki na chombo muda mrefu kupita wote na ambaye sauti yake ni ndogo kupita zote. Mbunifu atakuwa na chombo kwa mwaka mmoja. Kiwanda kitakuwa nacho kwa siku chache. Mfadhili atakuwa nacho kwa saa moja ya kukata utepe. Mwenye ndoo atakuwa nacho kwa umri wake. Ni dhuluma mtu wa saa moja ampangie mtu wa umri mzima asimwulize.

Linatokea hapa jambo linalohusu lugha yetu, na kwa hiyo utamaduni wa taifa moja kwa moja. Kila jicho lina maneno yake. Mtu hawezi kuona joshi na demani kama hana maneno joshi na demani. Ataona kamba tu. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, maneno mengi ya mafundi na mabaharia yalipata makao ndani yake pamoja na maneno ya ofisini na shuleni. Kazi hiyo haijesha, wala haitakwisha. Neno la fundi linapokufa, halifi neno peke yake. Hufa nalo njia moja ya kukigawa kitu, na kizazi kinachofuata hukitazama kitu hicho kwa jicho moja pungufu. Kadhalika gereji zetu, karakana za maseremala, vinu vya kusagia na majiko ya wahunzi yana maneno ya leo ambayo vijana wameyabuni kwa haja ya mikono yao. Asiyadharau mwalimu kwa kuwa hayamo vitabuni. Kabla ya kuyahukumu, ayaulize: neno hili linaonyesha mpaka gani wa kitu ambao sisi wa vitabu hatukuuona?

Zoezi la jambo hili halihitaji maabara wala fedha. Mwalimu na achukue baiskeli moja, ailaze mbele ya darasa, na awagawe wanafunzi makundi manne. Kundi la kwanza liandike sehemu za baiskeli kwa macho ya mtu anayeiendesha. La pili kwa macho ya fundi wa kando ya barabara anayeiziba na kuikaza. La tatu kwa macho ya mkulima anayeifunga magunia ya mkaa au mikungu ya ndizi. La nne kwa macho ya mwenye duka la vipuri. Wataona kwamba orodha haziwiani. Mkulima ataandika keria na fremu kwa herufi kubwa, na huenda akasahau kengele. Fundi atazihesabu spoki moja moja, ilhali mwendeshaji atasema gurudumu, basi. Kisha mwalimu awaulize maswali mawili. Kwanza: orodha zote hizi zinaingiaje ndani ya baiskeli moja? Pili: ni nani ambaye hatukumpa kundi? Labda ni mtoto anayebebwa nyuma. Labda ni mlemavu asiyefika kwenye kanyagio. Swali hilo la pili ndilo somo lenyewe, na mwanafunzi atakayejizoeza kuliuliza akiwa darasani atalikumbuka akiwa mhandisi, akiwa mwenyekiti wa kijiji, akiwa mtunga sheria.

Maana sheria nayo ni chombo, na shule ni chombo, na bajeti ni chombo. Kila kimoja kina fundi wake, nahodha wake, mwenye mali wake, na mtia kalafati wake ambaye huitwa baada ya maji kuingia. Yale tuliyoyasema juu ya pampu yanasimama huko pia: anayetaka kujua kama chombo kimebuniwa kwa haki asiulize tu kinafanyaje kazi kikiwa kizima. Aulize kikiharibika ni nani atakayeinama kukifungua, na kama mikono yake ilifikiriwa.

Mabaharia wana msemo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu ataranda nyuma na mbele ya chombo, lakini mwisho hurejea ndani ya chombo hicho hicho, yalipo maji yanayovuja na mzigo wa wote. Tukitazame chombo kutoka tezi, tukitazame kutoka omo. Tumwite fundi, tumwite nahodha, tumwite na mwenye kukumba maji. Kisha sote tushuke ngamani, kwa kuwa huko ndiko hujulikana kama chombo tulichokichora kinatufaa.